Meno ya Mnyama wa Nne

Ifahamike kwa walimu wote wa dini, viongozi wa vigango na wakatekumeni, kwamba wanyama wanaotajwa katika unabii, yaani yule simba mwenye mabawa, yule dubu, yule chui mwenye vichwa vinne na yule wa nne mwenye meno ya chuma, pamoja na wenzao wanaotoka baharini na nchi kavu katika kitabu cha mwisho, ni nguvu za kiroho. Hawana mwili. Hawana umri, uraia wala namba ya usajili. Si mnara wa simu, si hereni za ng'ombe, si chanjo, si chama, si serikali, si mashine ya aina yoyote. Meno yao si kitu cha kuonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono. Mwalimu atakayefundisha vinginevyo atapumzishwa, na mkatekumeni atakayeshikilia vinginevyo atasubirishwa mpaka aelewe.

Hilo ndilo tamko. Lilitolewa mwishoni mwa semina, baada ya chakula cha mchana, likaungwa mkono na wote waliokuwepo. Miongoni mwao alikuwa Isidori Margwe, katekista wa kigango kimoja karibu na ziwa Basotu, aliyeinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

Tamko lilikuwa na sababu zake. Mwaka ule katekista mmoja wa bondeni alikuwa amehesabu vyuma vya mnara wa simu akapata pembe kumi, na waumini wake wakazima simu kwa muda wa mfungo wote, jambo lililomfanya paroko asiweze kuwatangazia tarehe ya kwenda kuwaungamisha. Huko Tlawi mtu alikataa kuchanja kuku kwa aya mbili za Ufunuo, na kuku wakafa wote wakiwa safi kiroho. Ilibidi mtu aseme neno.

Lakini Isidori aliinua mkono mapema kwa sababu yake mwenyewe.

Alizaliwa Tlawi, kwenye mashamba ya mteremko ambako ukisimama kwako unaona jirani wa chini amepika nini. Baba yake, Sebastiani Margwe, alikuwa kijana wa kwanza wa upande ule kushuka kwenye mashamba makubwa ya ngano na kujifunza kuendesha trekta. Alituma nyumbani picha moja, amekaa juu ya mtambo, kofia nyekundu kichwani, na mtambo wenyewe haukuenea kwenye picha. Kazi ilipokwisha alipata kipande cha ardhi karibu na ziwa, akawaleta mke na watoto. Kuhusu miaka yake ya ngano alikuwa na hadithi moja tu: kwamba ardhi ile ni tambarare kiasi kwamba dereva anaweza kusinzia huku ameshika usukani na mstari usipinde. Hadithi nyingine, ile ya makaburi yaliyokuwa juu ya ardhi hiyo tambarare, hakuisimulia. Isidori aliiokota vipande vipande kwa watoto wa wafugaji alipokuwa shuleni, nao hawakumsimulia kwa upole.

Kanisani wakati huo kulikuwa na picha ya ukutani ya wanyama wa Danieli. Watoto wengine waliogopa vichwa vinne vya chui. Isidori aliogopa yule wa nne, kwa sababu alihisi anajua nani amekaa kwenye kiti. Aliishi na hisia hiyo mpaka akaoa, akazaa, akawa katekista. Kwa hiyo mtu aliposimama mbele ya semina na kusema kwamba mnyama yule hana mwili, maana yake hana kiti, na asiye na kiti hana dereva, Isidori alirudi Basotu amelala usingizi mzuri ndani ya basi, mdomo wazi.

Mkewe, Genoveva, ndiye aliyeona ugumu kwanza.

"Sasa Mzee Gidamis utamwambiaje, Baba Violeth?"

"Nitamwambia kama lilivyoandikwa."

"Haya," alisema Genoveva, akaendelea kuchambua maharage.

Mzee Gidamis alikuwa Mdatoga, mtu wa ng'ombe, mwenye miaka sabini na kitu. Alikuja kuandikishwa ukatekumeni peke yake, akiwa na kigoda chake, maana mabenchi ya kanisa aliyaona marefu bila sababu. Wanawe walilichukulia jambo hilo kama wazee wengine wanavyoanza kupenda sukari. Siku ya kwanza alikuja na punda, na juu ya punda zawadi: sahani nzito ya chuma ya jembe la trekta, duara, yenye meno kuzunguka ukingo, jino moja limevunjika. Kengele ya kigango wakati huo ilikuwa rimu ya gari iliyolia kama sufuria.

"Piga hii," alisema.

Isidori akaining'iniza, akaipiga. Ilisikika mpaka ng'ambo ya ziwa.

"Umeitoa wapi, mzee?"

"Nilikuwa nayo."

Darasa lilikuwa la watu watatu, Jumamosi mchana: Mzee Gidamis, Tekla, binti aliyekuwa anaharakisha ubatizo kwa sababu harusi ilishapangwa, na mama mmoja wa makamo aitwaye Fausta, aliyekuwa na maswali machache na kicheko cha karibu. Kwa mzee, mafundisho mengi yalipita kama mvua ya mbali. Alikubali yote kwa adabu. Siku walipofika kwa mnyama wa baharini, mwenye vichwa saba na pembe kumi, alisogeza kigoda.

"Zimekaaje?"

"Zimekaaje vipi, mzee?"

"Vichwa saba, kila kimoja pembe mbili, ni kumi na nne. Hizi ni kumi. Kwa hiyo vingine vina moja moja. Dume la pembe moja kwetu haliachwi lizae."

"Labda zilivunjika wakipigana," alisema Tekla.

"Vichwa vya mwili mmoja vikipigana, huyo anaumwa. Mngemtenga mapema."

"Ni ishara, mzee," alisema Isidori. "Pembe maana yake ni nguvu."

"Pembe ni nguvu. Hilo tulilijua hata bila kitabu. Ninyi watu wa jembe mnachelewa."

Fausta akacheka mpaka akafunika uso kwa khanga.

Wiki iliyofuata wakafungua Danieli. Simba mwenye mabawa hakumshtua mzee. Dubu hakumjua, na Isidori, ambaye naye hajawahi kumwona dubu, alimweleza kuwa ni kama fisi aliyenenepa. Walipofika kwa mnyama wa nne, anayekula na kuvunjavunja kwa meno ya chuma, na kinachobaki anakikanyaga kwa miguu yake, mzee aliomba pasomwe tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa habari za jirani:

"Huyo namfahamu."

Akaeleza. Baba yake alikuwa mtu wa heshima, na alipokufa walimzika kama watu wa heshima wanavyozikwa kwao, kwa bung'eda, kile kilima cha udongo kinachojengwa kwa miezi, koo zikija na kuondoka, mpaka kinapita kimo cha mtu. Gidamis alikuwa kijana ambaye hajaoa; alibeba udongo kwa mikono yake. Halafu ngano ikaja. Mnyama alitokea na vumbi lake, ananguruma, meno ya chuma yako nyuma badala ya mbele. Alichokuta alikila. Alichobakiza alikikanyaga kwa magurudumu. Kilima hakukizunguka. Sahani moja ya meno ilichomoka pale pale, wakaiacha, wakaendelea na kazi. Yeye akaiokota.

Isidori alitazama nje ya dirisha, ambako kengele ilikuwa inaning'inia.

"Na ile pembe ndogo yenye macho na kinywa?" aliuliza Fausta, ambaye sasa alikuwa anafuatilia.

"Landrova ya bwana mkubwa wa shamba. Juu yake waliweka spika, imekaa hivi, kama pembe. Ilikuwa inasema maneno makubwa. Hamisheni mifugo. Hamisheni mifugo."

"Hamkushtaki?"

"Tulishtaki. Kesi ilikwenda mbali. Haikurudi. Mimi nilikwenda kutoa ushahidi. Niliona kwa macho. Wakasema jina langu halikuandikwa kwenye mashahidi, na shahidi asiyeandikwa hasikilizwi. Nikarudi."

Ndipo ilipoeleweka alichokuwa anatafuta kanisani. Mjukuu wake alikuwa amemsomea sura hiyo ya Danieli kutoka kwenye kitabu cha shule ya dini, naye akasikia kilichofuata baada ya mnyama: viti vya enzi vinawekwa, hakimu mwenye nywele nyeupe anakaa, vitabu vinafunguliwa, na mnyama anauawa, mwili wake unatupwa motoni. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo kesi pekee aliyowahi kusikia kwamba iliisha. Hakutaka kuikosa kwa kosa lile lile. Alitaka aandikwe mapema, kwa jina kamili, kwenye kitabu cha ubatizo, ili vitabu vikifunguliwa wasiseme tena hayumo.

Jumamosi iliyofuata, siku chache baada ya kutoka semina, Isidori alisoma tamko. Alilisoma lote, pamoja na namba ya usajili.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hana mwili," alisema.

"Hana, mzee. Ni nguvu. Ni kama... mtu anafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitaka, na aliyemtuma naye anasema ametumwa, na aliyemtuma huyo naye hivyo hivyo. Ukimtafuta mwenyewe humpati. Hiyo inayopita kati yao, ndiyo mnyama. Trekta ni chuma tu."

Kwa haki yake, hayo ndiyo maelezo mazuri kuliko yote yaliyowahi kutolewa juu ya tamko lile, hata kwenye semina yenyewe. Tekla alitikisa kichwa kukubali. Mzee naye alikubali, kisha akauliza:

"Kama hana mwili, siku hiyo watachoma nini?"

Isidori alifungua Biblia kana kwamba jibu lilikuwa limewekwa mle kama alama ya ukurasa. Akaifunga. Akasema muda umekwisha, wataonana wiki ijayo.

Kabla ya Pasaka, wakatekumeni walikuwa wanahojiwa na mratibu wa mafundisho, Mwalimu Wolfgang, kijana msomi, mpole, mwenye viatu visivyopata vumbi hata Basotu. Siku moja kabla ya mahojiano, Isidori alitembea mpaka bomani kwa mzee. Alimkuta amejifunika shuka, anakohoa, anatazama ndama wakinywa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniombea au kuniomba?"

"Kukuomba. Kesho atakuuliza mnyama wa nne ni nini. Sema ni nguvu ya kiroho. Maneno matatu. Moyoni kaa na lako."

"Hayo mahojiano ni ya ushahidi?"

"Ni kama ushahidi."

"Basi unataka nianze kwa kudanganya."

Isidori akakaa chini. Ndama walimaliza kunywa, wakabaki wamesimama. Akasema jambo ambalo hakuwa amekuja kulisema: kwamba dereva wa trekta lile huenda alikuwa baba yake.

"Si huenda," alisema mzee. "Alikuwa na kofia nyekundu. Nilikujua siku ya kwanza, una masikio yake."

"Hukusema."

"Hukuuliza. Alisimamisha. Wewe hilo unalijua? Alifika kwenye kilima akasimamisha, akashuka, akatazama. Akavua kofia. Tukasema, huyu ameona. Halafu ile pembe ndogo ikasema kutoka kwenye Landrova, akavaa kofia, akapanda."

Isidori akasema taratibu: "Unaona, mzee. Hiyo ndiyo nguvu ninayokuambia. Hakutaka."

"Nguvu hiyo ilikuwa na sauti. Ilitoka kwenye spika, na spika ilikuwa na nyaya." Mzee akakohoa, akapangusa mdomo. "Baba yako sina neno naye. Aliendesha vizuri, mstari ulinyooka. Mimi namtaka mnyama."

Mahojiano yalifanyika nje ya kanisa, upande wa kivuli. Tekla alijibu bila kusita. Fausta alijibu, akacheka, akaomba radhi. Mwalimu Wolfgang alimwamkia mzee kwa heshima zote, akamsogezea kigoda kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee wangu, mnyama wa nne ni nini?"

"Wewe umemwona?"

"Hapana, mzee. Hawezi kuonekana."

"Basi mimi nimemwona, wewe hujamwona. Nani anamhoji mwenzake?"

Wolfgang alitabasamu, akamgeukia Isidori. Isidori alikuwa anatazama viatu vya Wolfgang.

"Hatukatai historia yako, mzee," alisema Wolfgang. "Tunasema tu kwamba unabii unazungumzia jambo kubwa zaidi ya hilo."

"Kubwa zaidi ya baba yangu," alisema mzee, si kwa ukali. Akainuka, akachukua kigoda chake.

Alisubirishwa mpaka mwaka unaofuata. Tekla alibatizwa, akaolewa, akahamia Katesh. Fausta alibatizwa na kuwa mwenyekiti wa jumuiya. Mzee Gidamis aliendelea kuja Jumamosi, peke yake darasani na Isidori, wakisoma vitabu visivyokuwa na wanyama, ambavyo si vingi. Kikohozi kiliongezeka. Hospitalini walimpa dawa na ushauri wa kupumzika, wakati kwa miaka mingi hakuwa na kazi nyingine.

Masika yalipokwisha, mwanawe alikuja kwa pikipiki kumwambia Isidori kwamba mzee hali chakula tena.

Kila katekista anajua kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa na yeyote, kwa maji yoyote yaliyo safi. Isidori alilijua hilo, lakini tamko nalo alilijua, na alikuwa ameliinulia mkono. Alipanda mpaka juu ya ukingo wa ziwa, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, akampigia Mwalimu Wolfgang.

"Ana akili timamu?" aliuliza Wolfgang.

"Timamu kabisa."

"Hapo ndipo penye ugumu, katekista. Angekuwa hajitambui ungembatiza bila swali, kwa ile nia yake ya zamani. Mwenye akili timamu lazima akubali mafundisho. Muulize tena kwa upole. Au subiri."

"Nisubiri nini?"

Simu ilikuwa na mikwaruzo. "Subiri hali," alisema Wolfgang, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha.

Kwa hiyo Isidori alikaa kando ya kitanda cha ngozi, mchana mweupe, akiwa na kikombe cha bati chenye maji, akisubiri rafiki yake apoteze fahamu. Hakuna semina iliyomfundisha namna ya kufanya kazi hiyo. Mzee hakupoteza. Alitaja ng'ombe kwa majina na tabia zao, akamkosoa mwanawe kuhusu dume jekundu, akauliza kama mahindi ya Genoveva yamebeba. Isidori alimuuliza tena, kwa upole, kama alivyoagizwa.

"Mwalimu," alisema mzee, "kule watakuwa wamekaa wanasubiri mtu aliyeona. Niende niseme sikuona?"

"Hapana, mzee."

"Hayo maji ni yangu?"

Isidori alitazama kikombe. "Ni yako."

Mzee akanyoosha mkono, akakipokea, akayanywa yote, taratibu, akamrudishia. "Asante," alisema. "Nilikuwa na kiu tangu asubuhi."

Isidori alitoka nje kwenda kuchota mengine. Dumu lilikuwa tupu. Ilibidi mtoto akimbie kwa jirani. Aliporudi na kikombe, wanawe walikuwa wameshafunika uso wa baba yao na wake zao walikuwa wameanza kulia. Alisimama mlangoni na maji yake. Mmoja wa wana akamwambia, bila nia mbaya, kwamba kama ameyaleta ya kunawa ayaweke pale.

Walimzika nyuma ya boma, kaburi la kawaida la usawa wa ardhi. Wazee walizungumzia bung'eda, wakakubaliana kwamba mzee alistahili, kisha wakatazama huku na huku wapi pangeweza kujengwa kitu cha kimo hicho na kuachwa kisimame, wakabadilisha mazungumzo. Jina lake halikuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo. Isidori alikichukua kitabu kabatini siku ile, akakiweka juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, akakaa nacho. Genoveva alipika, akakisogeza pembeni ili aweke sahani.

"Baba Violeth, kula."

"Nakula."

"Ulifanya ulichoambiwa."

"Ndiyo," alisema Isidori. "Baba naye."

Asubuhi alikirudisha kabatini.

Tamko linatakiwa kusomwa tena kila mwaka, Jumapili moja kabla ya kuandikisha wakatekumeni wapya, nalo husomwa. Isidori hulisoma vizuri, kwa sauti inayofika nyuma, na tangu mzee afe hakuna aliyeuliza swali. Watu huitwa kwa kengele kama kawaida. Sahani ile ni nzito, na ukiipiga haiishi kulia haraka. Kwa hiyo watu wakishakaa, kabla ya kuanza kusoma, Isidori hutoka nje na kuishika kwenye meno, kwa mkono, mpaka inyamaze.